UTELEZI NDANI YA DUMU NI NYUMBA YA VIJIDUDU

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Nawa mikono yako. Chukua dumu lako la maji ya kunywa, uyamimine maji yaliyomo kwenye ndoo safi. Sasa ingiza kidole kwenye mdomo wa dumu, upapase upande wa ndani. Je, panateleza?

Kama panateleza, makala haya yanakuhusu. Kama hapatelezi, soma pia, ili uendelee hivyo hivyo.

Watu wengi wakiona maji ni meupe husema maji hayo ni safi. Wengine hufanya vizuri zaidi. Hukata kuni, hupasha moto, huchemsha maji mpaka yatokote. Kisha huyamimina maji yale ndani ya dumu lenye utelezi. Hapo kazi yote ya kuni na moto imepotea bure. Ni sawa na kumwogesha mtoto kisha kumvika nguo chafu.

Leo tutajifunza utelezi huo ni kitu gani. Tutajifunza kwa nini maji matupu hayauondoi. Pia tutaona kwa nini sabuni inauvunja, na kwa nini vitu vingine vinavyofanana na sabuni haviuvunji, bali huweza kuulea.

UTELEZI NI NYUMBA

Vijidudu ni viumbe vidogo sana. Tazama rula ya mwanafunzi. Nafasi iliyo kati ya vistari viwili vidogo ni milimita moja. Katika nafasi hiyo unaweza kupanga vijidudu kama 1,000, kimoja nyuma ya kingine. Ndiyo maana macho yetu hayavioni.

Vijidudu huzaana kwa kujigawa. Kimoja hugawanyika kuwa viwili. Viwili huwa vinne. Vikiwa na chakula na joto la kutosha, vijidudu vya utumboni huweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Piga hesabu mwenyewe. Anza na kijidudu kimoja. Baada ya saa 1 vitakuwa 8. Baada ya saa 2 vitakuwa 64. Baada ya saa 3 vitakuwa 512. Baada ya saa 4 vitakuwa 4,096.

Vijidudu vingi havipendi kuelea ovyo majini. Vinapenda kushika mahali. Kijidudu kikigusa ukuta wa dumu, hunata. Kisha huanza kutoa ute. Wenzake huja, nao hunata na kutoa ute. Baada ya siku chache kuna utando mzima. Huo ndio utelezi ulioupapasa kwa kidole.

Utando huo ni kama nyumba ya fito na udongo. Vijidudu ni fito, ute ni udongo wa kukandikia. Ndani yake mna vijia vidogo vinavyopitisha maji na chakula. Vijidudu vilivyo nje huwakinga wenzao walio ndani. Dawa ikitiwa, hupambana kwanza na vile vya nje. Mara nyingi nguvu yake huisha kabla haijafika ndani.

Si kila kijidudu kilichomo kwenye utando kinaleta ugonjwa. Vingi havina madhara. Lakini kijidudu cha kuhara kikiingia katika dumu hilo, kinakuta nyumba imekwisha jengwa. Kinapata mahali pa kujificha. Baadaye kipande cha utando hubanduka, huingia ndani ya kikombe, na kikombe huenda mdomoni mwa mtoto.

MTU ALIYEUONA UTANDO KWANZA

Jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 300 iliyopita aliishi mtu mmoja katika mji wa Delft, nchini Uholanzi. Jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Hakuwa mganga. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Lakini alijua kusaga vioo vidogo vya kukuzia, akaona navyo vitu ambavyo hakuna aliyepata kuviona.

Mwaka 1683 aliwaandikia barua wataalamu wa London. Aliwaeleza kwamba alikwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa kioo chake. Aliona viumbe vidogo vingi vikienda huku na huku. Ukoga ule ni utando wa vijidudu, sawa na ule wa ndani ya dumu.

Akafanya jaribio. Alisukutua kwa siki, kwa sababu siki huviua viumbe hivyo. Lakini alipoutazama tena ukoga, aligundua kwamba siki iliua vile vya juu tu. Haikupenya mpaka ndani.

Hapo tunapata somo la kwanza. Utando hauondoki kwa kumwagiwa dawa tu. Lazima uvunjwe. Ndiyo maana meno hupigwa mswaki, hayasukutuliwi tu.

MAFUTA NA MAJI HAVIPATANI

Sasa tuone sabuni inaingia wapi. Fanya jaribio hili nyumbani au darasani.

Tia maji ndani ya chupa mpaka nusu. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Funga, utikise. Kisha iache chupa itulie. Utaona mafuta yanapanda juu na maji yanabaki chini. Havipatani.

Sasa ongeza sabuni kidogo. Tikisa tena. Safari hii maji yatakuwa na rangi ya maziwa, na mafuta hayatapanda haraka. Yamekatika vipande vidogo sana vinavyoelea ndani ya maji.

Sabuni imefanyaje? Kila chembe ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji. Mkia unapenda mafuta. Mkia hushika mafuta, kichwa hushika maji, na hivyo maadui wawili hukaa pamoja. Kitu kinachofanya kazi hiyo wataalamu hukiita emulsifaya. Sisi katika makala haya tutakiita kipatanishi, maana kinapatanisha mafuta na maji.

Sabuni si kipatanishi pekee. Maziwa ya ng'ombe ni maji yenye mafuta ndani yake, na yana vipatanishi vyake vya asili. Kiini cha yai kina kipatanishi kiitwacho lesithini. Tumboni mwetu tuna kipatanishi kingine, nacho ni nyongo. Viwandani pia hutengenezwa vipatanishi vya kutia katika vyakula.

KAZI YA SABUNI JUU YA UTANDO

Sabuni hufanya kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuondoa mafuta. Mafuta ya mikono, ya maziwa na ya chakula hunata kwenye chombo. Vijidudu hushika hapo na kupata chakula. Mafuta yakiondoka, vimepoteza chakula na mahali pa kushika.

Kazi ya pili ni kulegeza utando. Sabuni huingia kati ya utando na ukuta wa chombo. Utando uliolegea hung'oka unaposuguliwa, kisha huchukuliwa na maji ya kusuuzia.

Kazi ya tatu ni kupasua. Vijidudu vingine vina ganda la mafuta. Sabuni huchana ganda hilo na kijidudu huharibika. Kirusi cha korona, kilicholeta maradhi dunia nzima mwaka 2020, ni cha namna hiyo. Ndiyo maana tulihimizwa sana kunawa kwa sabuni.

Lakini vijidudu vingi vya kuhara vina ngozi ngumu. Sabuni ya kawaida haiviui vyote. Huving'oa tu. Kwa hiyo kupaka sabuni bila kusugua ni kazi nusu. Na kusugua bila kusuuza ni kuvihamisha vijidudu kutoka mahali hapa kwenda pale.

Je, nyumba isiyo na sabuni ifanyeje? Wazee wetu walisugua vyungu kwa majivu, na walikuwa na sababu. Majivu yana magadi. Magadi yakikutana na mafuta ya chungu, sehemu ya mafuta hugeuka kuwa sabuni. Huko Kigoma watu hutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese. Elimu ni ile ile: mafuta na magadi huzaa sabuni. Basi siku sabuni imekwisha, tumia majivu yaliyopoa, usugue, usuuze sana.

KIPATANISHI HAKINA UPANDE

Hapa lazima tuwe waangalifu. Mtu anaweza kudhani kwamba kila kipatanishi ni adui wa vijidudu. Sivyo. Kipatanishi ni kama jembe. Mkulima hulima nalo shamba lake, na mwizi aweza kuchimbia nalo ukuta wa nyumba.

Kuna vijidudu vinavyojitengenezea vipatanishi vyao wenyewe. Kimoja huitwa Pseudomonas. Hukaa mahali penye majimaji, na huingia katika vidonda vya kuungua moto. Kijidudu hiki hutoa kitu kinachofanana na sabuni. Hukitumia kwa kuteleza na kuenea, kwa kutengeneza njia ndani ya utando wake, na kwa kubanduka ili kwenda kujenga mahali pengine. Kwa sababu hiyo usiache kipande cha sabuni kilale ndani ya maji machafu. Kiweke mahali panapochuruzisha maji, kikauke.

Mfano mkubwa zaidi umo ndani ya miili yetu. Tuuangalie.

NYONGO NA HOMA YA MATUMBO

Kila aliyechinja mbuzi au kuku ameiona nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichoshikana na ini. Kikipasuka, nyama huwa chungu. Binadamu pia anacho. Ini hutengeneza nyongo, na kifuko huihifadhi. Tukila chakula chenye mafuta, nyongo humwagika kwenye utumbo mwembamba. Hukata mafuta vipande vidogo ili yasagike. Hiyo ndiyo kazi ya kipatanishi.

Nyongo huharibu pia vijidudu vingi. Mwaka 1900 mtaalamu wa Ujerumani, Fred Neufeld, aligundua kwamba kijidudu kimoja kinacholeta kichomi kikitiwa nyongo huyeyuka. Lakini vijidudu vinavyoishi utumboni vimeizoea nyongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Alfred MacConkey, aliyefanya kazi Liverpool nchini Uingereza, alitumia desturi hiyo kama mtego. Alitia chumvi za nyongo katika chakula cha kuoteshea vijidudu. Vijidudu vingi vya mahali pengine vikashindwa kuota, vya utumboni vikaota. Hadi leo maabara za hospitali hutumia njia hiyo.

Miongoni mwa vijidudu vilivyozoea nyongo, kimoja ni hatari sana. Ni kijidudu cha homa ya matumbo, ambayo watu wengi huiita taifodi. Mtu huugua, hutibiwa, hupona. Lakini katika kila watu 100 walioambukizwa, kati ya mtu 1 na watu 5 huendelea kubeba kijidudu hicho kwa muda mrefu. Hawana homa. Wanakula, wanalima, wanacheka. Kumbe kijidudu kimejificha ndani ya kifuko cha nyongo.

Kinajifichaje? Watu wengine hupata vijiwe ndani ya kifuko hicho. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walichukua vijiwe vya nyongo vya binadamu, wakaviweka pamoja na vijidudu vya jamii hiyo. Palipotiwa nyongo, vijidudu vilijenga utando mzito juu ya vijiwe. Yaani kile kipatanishi kinachoua vijidudu vingine, hiki kimekigeuza kuwa ishara ya kuanza kujenga nyumba.

Mtu kama huyo hutoa vijidudu pamoja na kinyesi chake. Katika jiji la New York alikuwako mpishi aitwaye Mary Mallon, aliyezaliwa Ireland mwaka 1869. Mwaka 1906 alipika katika nyumba moja yenye watu 11. Watu 6 wakaugua homa ya matumbo. Mpelelezi wa afya, George Soper, alifuatilia nyumba alizokuwa amepika zamani, akaona kwamba ugonjwa ulimfuata. Mwenyewe alionekana mzima, na hakuamini. Aliwekwa peke yake kisiwani toka 1907 hadi 1910. Alipoachiwa alirudi kwenye upishi, akakamatwa tena mwaka 1915. Alibaki kisiwani mpaka alipofariki mwaka 1938. Watu waliojulikana kuambukizwa naye ni 51, na 3 kati yao walikufa.

Siku zile hapakuwa na dawa ya kumtibu. Siku hizi dawa zipo. Lakini somo linabaki. Huwezi kumtambua mbebaji kwa kumtazama usoni. Kwa hiyo kila anayepika, awe mama nyumbani, mama lishe sokoni au mpishi wa shule, anawe mikono kwa sabuni kila atokapo chooni na kabla hajagusa chakula. Na kila kaya iwe na choo, kitumiwe na wote.

Nawe ukipewa dawa ya homa ya matumbo, imalize yote kama ulivyoagizwa. Usiiache kwa sababu homa imeshuka.

VIPATANISHI KATIKA VYAKULA VYA DUKANI

Sasa tuingie dukani. Wewe umejifunza kusoma, basi soma na maandishi madogo ya kwenye pakiti. Katika biskuti, aiskrimu, majarini, chokoleti na mikate ya kiwandani mara nyingi kuna vipatanishi. Huandikwa kwa jina au kwa namba. E322 ni lesithini. E471 ni kipatanishi kinachotengenezwa kwa mafuta. E433 huitwa polisobeti 80. E466 ni kipatanishi kinachotokana na nyuzi za mimea.

Vitu hivi vimeruhusiwa kutiwa katika chakula, na si sumu ya kukuangusha siku hiyo hiyo. Lakini wataalamu wanavichunguza kuona vinavyofanya kwa vijidudu vya tumboni. Maana tumboni tuna vijidudu vingi vizuri, vinavyotusaidia. Ukuta wa utumbo nao umefunikwa na ute wetu wenyewe, ambao huvizuia vijidudu visiusogelee mno.

Mwaka 2015 wataalamu wa chuo kikuu kimoja huko Atlanta, Marekani, waliwapa panya maji yenye E433 au E466 kwa wiki 12. Vijidudu vya tumboni vilibadilika. Vilisogea karibu na ukuta wa utumbo. Panya walipata uvimbe mdogo wa ndani na kunenepa.

Panya si mtu. Kwa hiyo baadaye walijaribu kwa watu wazima 16 wenye afya njema. Walikula chakula kilichopimwa kwa siku 11. Watu 7 walitiliwa gramu 15 za E466 kila siku, na watu 9 hawakutiliwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Wale 7 walisikia zaidi maumivu ya tumbo baada ya kula, na aina za vijidudu tumboni mwao zilipungua. Kwa 2 kati yao, vijidudu vilionekana vimesogea karibu na ukuta wa utumbo.

Watu 16 ni wachache, na siku 11 si nyingi. Basi tusitishane. Mtoto akila biskuti siku ya sikukuu, hakuna neno. Lakini tusifanye biskuti kuwa chakula cha kila asubuhi, na huku uji wa ulezi, viazi, maharage, mboga na matunda tunavyo shambani. Vyakula hivyo havina namba ya E, na vijidudu vizuri vya tumboni vinavipenda.

TURUDI KWENYE DUMU

Tumeona kwamba vijidudu hujenga nyumba, na kwamba si kila kipatanishi huibomoa. Ile ya ndani ya dumu tunaweza kuibomoa leo, kwa sabuni na nguvu za mikono.

Mama mmoja alimleta mtoto wake zahanati akiharisha, mara ya tatu katika muda mfupi. Alisema, naye alisema kweli, kwamba huchemsha maji ya mtoto kila siku. Nilipomtembelea nyumbani nilikuta sufuria safi na kuni zimepangwa vizuri. Lakini maji yalihifadhiwa katika dumu ambalo ndani lilikuwa na rangi ya kijani. Halikuwa limeoshwa kwa sabuni tangu linunuliwe, kwa sababu mdomo wake haupitishi mkono. Tuliliosha pamoja, na majirani wakaja kutazama. Maji yaliyotoka yalikuwa na vipande kama vya kamasi. Hakuna aliyetaka kuambiwa zaidi.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vikundi vilisikiliza redio, vikasoma vitabu, kisha vikatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walijifunza na kutenda. Nasi tufanye hivyo kwa madumu yetu. Fuata hatua hizi.

1. Mwaga maji yote ya zamani.

2. Tia maji ya uvuguvugu kama lita 2. Usitie maji yanayochemka, kwani plastiki itajikunja. Ongeza sabuni ya unga kijiko kimoja kikubwa, au vipande vya sabuni ya mche.

3. Tia kikombe kimoja cha vikokoto vidogo, laini, vilivyooshwa. Hivyo ndivyo mkono wako ndani ya dumu. Usitumie mawe yenye ncha, kwani hukwaruza plastiki, na vijidudu hupenda mikwaruzo.

4. Funga. Tikisa kwa nguvu. Geuza dumu juu, chini na pande zote, mpaka utelezi uishe.

5. Mwaga, kisha suuza mara 3 au zaidi mpaka povu liishe. Sugua mdomo na kifuniko kwa mswaki wa zamani uliooshwa.

6. Sasa ndipo dawa inafaa, kwa sababu utando umevunjika. Changanya kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, isiyo na manukato, katika lita 1 ya maji. Tia ndani ya dumu, tikisa ili iguse kila upande, ngoja kidogo, kisha mwaga. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya kusafishia, hasa ya chooni. Hutoa hewa yenye sumu.

7. Pindua dumu, likauke kabisa. Vijidudu vya utando vinahitaji majimaji. Ukiwa na madumu mawili, moja litumike na jingine likauke.

Fanya kazi hii angalau mara moja kila wiki. Dumu lililokwaruzika sana litumie kumwagilia miche. Dumu lililowekwa dawa ya mimea au ya mifugo lisitiwe kamwe maji ya kunywa, hata likioshwa mara mia.

VYOMBO VYA MAZIWA

Maziwa yana mafuta, sukari na protini. Kwa vijidudu hiyo ni karamu. Chombo cha maziwa kisioshwe kwa maji matupu, kwani mafuta hubaki.

Suuza kwanza kwa maji ya baridi. Ukianza na maji ya moto, maziwa hugandamana kwenye chombo. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni, usugue kwa brashi, usuuze, uanike juani juu ya kichanja. Wamasai hufukiza vibuyu vyao kwa moshi wa mti waitao oloirien. Ni desturi nzuri, lakini kibuyu kisuguliwe kwanza, ndipo kifukizwe.

Chupa ya kunyonyeshea mtoto ina chuchu na pembe ambazo ni vigumu kuzisafisha. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Akilazimika kupewa maziwa mengine, apewe kwa kikombe safi kilicho wazi. Kikombe hakina pa kufichia utando.

Mwisho, mtoto akiharisha usingoje. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, kwa kipimo kilichoandikwa, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Mpeleke zahanati upate na vidonge vya zinki. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au kukiwa na damu kwenye choo, mkimbize mara moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini maji yaliyochemshwa yanaweza kuleta ugonjwa?

2. Mfanyabiashara wa Delft alisukutua kwa siki. Aligundua nini? Sisi tunajifunza nini kutokana na hayo?

3. Taja vipatanishi vitatu. Ni kipi unacho nyumbani, na ni kipi unacho ndani ya mwili wako?

4. Kwa nini klorini itiwe baada ya kusugua, na si kabla?

5. Leteni pakiti moja ya biskuti darasani. Je, mnaweza kusoma namba za E zilizoandikwa?

6. Kabla ya kikao kijacho, kila mwanakikundi aoshe dumu lake kwa hatua saba tulizozisoma. Alete maji ya kwanza yaliyotoka, ndani ya chupa nyeupe, ili wote wayaone.